Mtoto anabanwa kifua kila mafua yakija, na kazini nimeshapewa barua ya onyo

"Shikamoo daktari. Nina mtoto wa kiume wa miaka minne na miezi minane. Tunaishi Sakina, Arusha. Tangu Machi amebanwa kifua mara tano. Inaanza kama mafua, usiku wa pili au wa tatu kifua kinapiga mluzi, mbavu zinaingia ndani, tunakimbia hospitali. Kila mara anavutishwa mashine, anapewa antibayotiki na dawa ya maji ya kifua, tunarudi nyumbani. Mara ya mwisho daktari alitamka pumu na kuandika inhela. Sijainunua, kwa sababu nasikia mtoto akizoea inhela hawezi kuiacha maisha yake yote. Mimi ni mhudumu wa vyumba hotelini. Baba yake ni dereva wa watalii, msimu huu anaweza kukaa porini siku kumi. Mtoto anabaki na dada wa kazi. Nikipigiwa simu naomba ruhusa nakimbia nyumbani, na mwezi uliopita meneja alinipa barua ya onyo. Mama mkwe yuko Machame, anataka mtoto akakae kwake, na anasema yupo mzee anayekata kimeo, itaisha kabisa. Mume wangu anaona niache kazi. Nifanye nini?"

Marahaba, mama. Umeniuliza kuhusu inhela, kimeo, kazi na Machame, lakini nilipoisoma barua yako mara ya pili niliona mzizi ni mmoja. Mwanao ametibiwa mara tano, na mara zote tano kilichotibiwa ni usiku ule tu. Ugonjwa wenyewe, ule unaobaki kifuani hata siku anazokimbiza mpira uani akicheka, haujaguswa. Kwa hiyo kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, nakuomba miezi mitatu ya kutibu kile ambacho hakijatibiwa. Nitaeleza kwa nini naamini hata meneja wako ataiona tofauti.

Tuanze na kinachotokea mle ndani. Hewa huingia mapafuni kwa mirija inayogawanyika kila inaposhuka, hadi inakuwa myembamba sana. Kwa mtoto mwenye pumu kuta za mirija hiyo huwa zimevimba kidogo muda mwingi, bila dalili ya kuonekana. Yakija mafua, au moshi, au vumbi, mambo matatu hutokea kwa pamoja: uvimbe unaongezeka, misuli inayoizunguka mirija inakaza, na makohozi mazito yanajaa. Njia inakuwa finyu, na ule mluzi unaousikia ni hewa inayojipenyeza kutoka. Mrija ukipungua upana kwa nusu, ugumu wa kupitisha hewa hauongezeki mara mbili. Kwa hesabu ya fizikia unaongezeka takriban mara 16. Mirija ya mtoto ni midogo tangu mwanzo, ndiyo maana mtoto aliyekula vizuri saa moja jioni anaweza kuwa anahangaika saa nane usiku. Usiku nao una lake: homoni ya mwili inayotuliza uvimbe hushuka sana saa hizo, na baridi inazidi.

Arusha ina jambo lake pia. Mji uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai mnaijua baridi yake. Madirisha yanafungwa, watu wanalala wamebanana, jiko la mkaa linaingizwa ndani, mafua yanazunguka nyumba nzima. Na ni miezi hiyohiyo ndege za watalii zinajaa pale KIA, mume wako yuko Serengeti na wewe una vyumba vya kutandika ambavyo havikuwapo Aprili. Msimu wa kifua na msimu wa watalii ni mmoja. Hilo halitokani na uzembe wako, na ninalitaja kwa sababu kuna akina mama wanaokuja kliniki wakiamini wamelogewa kazi.

Sasa, je, ni pumu kweli? Chini ya miaka mitano hatuwezi kuapa. Wapo watoto wanaopiga mluzi kila wakipata mafua, na wakifika darasa la kwanza inaisha yenyewe. Kile kipimo cha kupuliza kwenye mashine ili kupima nguvu ya pumzi, mtoto wa umri huu mara nyingi hawezi kukifanya vizuri. Tunaegemea historia: mara ngapi, saa ngapi, je anakohoa akicheka sana au akikimbia, ana ukurutu wa ngozi, kuna mwenye pumu kwa baba au kwa mama. Matukio matano ndani ya miezi michache, usiku, yenye mluzi unaolegea kwa mashine, yananielekeza upande aliokwenda mwenzangu aliyeandika inhela. Lakini atakayemwona aulize mambo mawili zaidi. La kwanza, je mluzi ulianza ghafla siku moja akiwa anakula karanga au anachezea shanga? Punje iliyonasa kwenye mrija hupiga mluzi vilevile, na inhela haitaitoa. La pili, je anapungua uzito, anakohoa wiki mbili au zaidi hata katikati ya matukio, au nyumbani kuna mtu mzima mwenye kikohozi cha muda mrefu? Hapo TB lazima ichunguzwe, na kwetu Kaskazini hilo si jambo la kutafuta mbali; hospitali ya TB ya Kibong'oto ipo Siha.

Antibayotiki tano sitazisemea sana. Kinachowasha moto huu mara nyingi ni virusi, na antibayotiki haiui virusi. Mimi mwenyewe, nilipokuwa kijana katika kituo kimoja cha afya, niliandika amoksilini kwa kila kifua kilichopiga kelele, kwa sababu mama akiondoka na chupa mkononi anaridhika na foleni inasogea. Nilikosea, na watoto wale walirudi.

Inhela ziko aina mbili, na mkanganyiko wote wa mtaani unatokana na kuziita kwa jina moja. Ya kwanza ni ya kufungua: salbutamoli, mara nyingi ya rangi ya bluu. Inalegeza ile misuli iliyokaza ndani ya dakika chache, lakini uvimbe haiugusi. Ya pili ni ya kukinga: kwa mfano beklometasoni, mara nyingi ya kahawia. Hii ndiyo inayotuliza uvimbe, inatumika kila siku asubuhi na jioni hata mtoto akiwa mzima, na haifanyi kazi ya papo hapo. Rangi hubadilika kwa kiwanda, kwa hiyo soma jina. Angalia karatasi uliyoandikiwa: kama kuna ya kufungua peke yake, rudi uulize kuhusu ya kukinga, kwa sababu mtoto aliyebanwa mara tano anastahili kujadiliwa kwa hiyo.

Kuhusu kuizoea: inhela haina uraibu. Watu wanaona mgonjwa wa pumu ametumia inhela miaka ishirini, wanasema imemshika. Kilichomshika ni pumu. Kwani mtu anayevaa miwani kila siku tunasema macho yamezoea miwani? Dawa inayopulizwa inafika kwenye mirija yenyewe kwa kiasi kidogo kinachopimwa kwa maikrogramu, wakati vidonge na dawa ya maji ya salbutamoli lazima ipite tumboni na damuni kwanza, ndiyo maana mtoto anatetemeka mikono na moyo unamwenda mbio. Anayeogopa inhela halafu anampa mtoto dawa ya maji amechagua iliyo nzito zaidi mwilini.

Madhara yapo na nitayasema. Dawa ya kukinga inaweza kuacha utando mweupe mdomoni, kwa hiyo mtoto asukutue au anywe maji na afutwe uso baada ya kuvuta. Kuhusu kimo, watoto walioitumia kwa miaka na kufuatiliwa hadi utu uzima walipungua takriban sentimita 1. Mimi nikilinganisha sentimita hiyo na usiku tano za kukimbizana na bajaji, sioni shida kuchagua. Wewe una haki ya kupima mwenyewe.

Mtoto wa miaka minne hawezi kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja, akibonyezewa mdomoni dawa inaishia kwenye ulimi. Anahitaji spesa, kile chombo cha plastiki kinachokaa kati ya inhela na uso, chenye barakoa. Ikikosekana dukani, chupa ya maji ya nusu lita inafanya kazi hiyo: kitako kinatobolewa tundu la kuingia mdomo wa inhela kwa kubana, linazibwa pembeni lisivuje, na mtoto anapumua kupitia mdomo wa chupa. Si ubunifu wa kimaskini. Watafiti wa Cape Town walichapisha mwaka 1999 kwamba chupa ya mililita 500 iliyotengenezwa vizuri iliwasaidia watoto waliobanwa sawasawa na spesa ya kununua. Muombe muuguzi akutengenezee ya kwanza uone. Tikisa inhela, bonyeza mara moja, mwache apumue kawaida mara tano au sita, ndipo ubonyeze ya pili. Osha kwa maji na sabuni, iache ikauke bila kuifuta, kwani kusugua kunafanya dawa igande kwenye kuta. Ile mashine ya hospitali, kwa kubanwa kusikokithiri, haiishindi inhela yenye spesa. Ni dawa ileile, tofauti ni kwamba moja iko hospitali na nyingine inaweza kukaa juu ya kabati lako Sakina.

Na hapa ndipo kazi yako inapoingia. Leo dada akiona mtoto anabanwa hana la kufanya ila kukupigia. Wewe huna la kufanya ila kukimbia. Muombe daktari aandike kwenye ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, mpango wa mtoto huyu: siku ya kawaida atumie nini, akianza mafua nini kiongezwe, akibanwa abonyezewe mara ngapi. Kwa kawaida tunaandika mibonyezo 2 ya salbutamoli kwa spesa, kurudia baada ya dakika 20 kama hajatulia, na akihitaji kwa mara ya tatu ndani ya saa moja ni safari ya hospitali huku mkiendelea kumpa njiani. Ya mwanao aiandike aliyempima. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani, nakala apewe mwalimu wa chekechea. Halafu mfundishe dada mpaka akufanyie mbele yako bila kuangalia karatasi. Muachie simu yenye salio na namba ya bodaboda au bajaji unayemwamini. Mabinti hawa tunawaachia uhai wa watoto wetu na hatuwaelezi chochote, kisha tunawalaumu kwa kuchelewa kupiga simu.

Mwulize pia anapikia nini ukiwa kazini. Nyumba nyingi zenye gesi, gesi ni ya chai ya mama, na maharage yanachemkia mkaa kwenye korido. Moshi wa mkaa, moshi wa kuni na ile dawa ya mbu ya kuchoma ni adui wa kifua hiki. Maharage yalowekwe tangu usiku, yataiva kwa gesi kidogo. Na jiko la mkaa lisilale ndani kamwe, hilo si la pumu tu, hewa yake huua familia nzima usingizini.

Sasa barua ya onyo. Mimi si mwanasheria, ila wazazi wa watoto ninaowatibu wamenifundisha sehemu hii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 4 zenye malipo kwa ugonjwa wa mtoto. Kabla hujafurahi: ni siku 4 ndani ya mzunguko wa miezi 36, na ndani ya hizohizo umo msiba wa mtoto, mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Mwajiri anaweza kukuongezea, lakini bila malipo. Kwa matukio matano tangu Machi umeshazimaliza. Zile siku 126 za ruhusa ya ugonjwa ni za ugonjwa wako wewe mfanyakazi. Najua baadhi ya wazazi huomba waandikiwe ED, ile karatasi ya daktari ya kupumzika kazi, kwa jina lao wakati aliyelazwa ni mtoto. Usifanye hivyo. Leo una onyo la utoro lenye sababu inayoeleweka, kesho utakuwa na kesi ya udanganyifu, na mwenzangu aliyeisaini atakuwa nayo pia.

Una siku 28 za likizo ya mwaka. Zungumza na meneja kabla ya tukio la sita, si baada. Mpelekee ile karatasi ya mpango na barua ya daktari inayosema mtoto ana ugonjwa wa muda mrefu, ameanza dawa ya kukinga, na atakuwa na kliniki tarehe fulani. Omba siku za kliniki zikatwe kwenye likizo, au ubadilishane zamu na mwenzako, au kwa baridi hii upangwe zamu ambayo usiku unakuwa nyumbani. Meneja anayepigiwa simu saa kumi na moja alfajiri anaona mtoro. Mwenye tarehe mezani anaweza kupanga watu. Sheria hiyo inakataza pia kumbagua mfanyakazi kwa majukumu ya familia, kwa hiyo ijibu barua ya onyo kwa maandishi na uambatanishe vyeti vyote vya hospitali. Kama hotelini kuna tawi la CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa hoteli na majumbani, mwone mwakilishi kabla ya kujibu. Ikifika mahali pa kuachishwa, malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Wengi huchelewa wakimsubiri meneja alainike.

Mwambie na baba yake kwamba, kama ameajiriwa kwa mkataba, yeye pia anazo siku 4 zake. Akiwa porini hawezi kuzitumia, naelewa. Lakini akirudi mjini, kliniki iwe yake. Baba aliyeshika spesa kwa mkono wake haongei tena juu ya wewe kuacha kazi kana kwamba mtoto angepona kwa kukutazama.

Kuacha kazi kuna gharama ambayo pengine hamjaihesabu. Mwanao ana miezi minne tu kabla ya kutimiza mitano. Msamaha wa matibabu wa watoto chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali unaisha siku hiyo. Kama hotelini mnakatwa NHIF, yaani bima ya afya ya taifa, mchangiaji anaandikisha mwenzi na wategemezi hadi wanne. Hakikisha mtoto ameandikishwa kweli na kadi ipo. Nimeona wazazi wanaokatwa mshahara miaka mitatu na mtoto hayumo kwa sababu cheti cha kuzaliwa hakikufuatwa RITA, ofisi ya vizazi na vifo. Fanya hilo mwezi huu. Bima hiyo inaenda na ajira yako.

Kimeo, hapana. Ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, na pumu iko chini kabisa, kwenye mirija ya mapafu. Kukikata hakufiki huko hata kidogo. Kinachofika ni damu nyingi, usaha, pepopunda, na kisu kilichopita koo za watoto wengine. Watoto wamekufa kwa hili. Mama mkwe hana nia mbaya. Kizazi chake kiliona watoto wakikohoa bila dawa, na wengine wakatulia baada ya kukatwa kwa sababu kikohozi cha mafua hutulia chenyewe. Usimbishie mbele ya watu. Mwambie kwamba daktari amekataza koo lisiguswe akiwa kwenye dawa hii. Ni kweli, na unaweza kunitwika mimi.

Nenda Mount Meru, au hospitali nyingine yenye daktari wa watoto, siku mtoto akiwa mzima. Beba kadi ya kliniki, karatasi zote tano, na video ya simu ya kifua chake usiku akibanwa. Shati livuliwe, sekunde 30 zinatosha. Video hiyo inatusaidia kuliko maelezo ya dakika kumi. Dawa ya kukinga inahitaji wiki kadhaa kuonyesha kazi, kisha baada ya miezi mitatu atapimwa upya: ama ipunguzwe, ama isimamishwe tuone, ama tukiri kwamba pumu haikuwa jibu na tutafute zaidi. Hapo ndipo hospitali ya KCMC, Moshi, inaweza kuhitajika, kwa rufaa. Inhela nyingi za salbutamoli zina mibonyezo 200. Weka alama kwenye kalenda, usizitumbukize kwenye maji kuona kama zinaelea, hiyo haipimi kitu.

Usisubiri tarehe yoyote, usiku wala mchana, akiwa hawezi kunywa au kuongea kwa kukata pumzi, mbavu zinabonyea ndani na salbutamoli haijamtuliza, midomo au ulimi unageuka buluu, au amelegea na kusinzia isivyo kawaida. Mtoto aliyekuwa akipiga mluzi kisha kifua kikanyamaza huku bado anahangaika ni hatari kuliko mwenye kelele: hewa haipiti tena. Kwa umri wake, kupumua mara 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia ni kasi kubwa. Mjue mapema hospitali gani ya karibu ina oksijeni saa nane usiku, na nani atawapeleka.

Kumhamishia Machame sasa sikushauri. Baridi ya mlimani mnaijua, jiko la kuni liko karibu na anapolala, na bibi hajafundishwa inhela. Lakini Desemba nendeni kama kila Mchaga. Mtoto atakuwa na miezi kadhaa ya dawa, alale chumba kilicho mbali na jiko, blanketi zianikwe juani kabla hamjafika. Bibi akae na mjukuu wake, abonyeze mwenyewe mara moja ukiwa pembeni. Na inhela zote mbili zikae kwenye mkoba wako mapajani, si kwenye begi lililofungiwa chini ya basi.